Kuongeza ukanda mpya wa joto nyumbani: vali, pampu au paneli?

Nyumba inayopashwa joto kwa maji ya moto ina boila, pampu, na mabomba yanayozunguka hadi kwenye redieta au chini ya sakafu. Ukijenga chumba cha ziada, au ukichoka kuona vyumba vya kulala vinachemka ili tu sebule isikae na baridi, unaanza kufikiria ukanda mpya: sehemu ya nyumba yenye thamostati yake na njia yake ya maji. Upande wa mabomba hauna utata mkubwa. Nyaya ndizo zinazowakwamisha watu, mara nyingi kwa sababu kifaa kimenunuliwa kwanza na swali la kitafungwaje likaja baadaye.

Njia za kufunga ukanda mpya ni tatu: vali ya umeme, pampu ya pili yenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au paneli inayotawala kanda zote. Ipo pia ya nne isiyo na waya hata mmoja, nitaigusa. Zote zina kazi mbili za kufanya thamostati inapoomba joto: kuyafungulia maji njia, na kuiamsha boila. Kazi ya kwanza kila mtu anaiona. Ya pili ndiyo inayosahauliwa, na ndipo njia hizi zinapoachana. Kwa hiyo kila ninapolinganisha mifumo nauliza jambo moja: nani anaiambia boila iwake, na anatumia waya upi? Ukiweza kulijibu hilo kwa mfumo wako, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Anza na kilichopo

Kabla ya kulinganisha chochote, zima umeme wa boila kwenye breka, hakikisha kwa mita kwamba umekatika kweli, kisha fungua kifuniko na usome mchoro uliobandikwa ndani. Karibu kila boila inao. Tazama mabomba yanayotoka: kuna pampu moja na vali kadhaa baada yake, au kuna safu ya pampu, kila moja na bomba lake? Mfumo wako umeshachagua upande, na kuufuata upande huo ni rahisi kuliko kuchanganya. Kuchanganya kunawezekana, na zipo hali zinazokulazimisha, ila usichanganye kwa sababu tu umepata kifaa mkononi.

Jambo la pili ni volti. Kwenye mifumo ya Marekani na Kanada, thamostati na vali hutumia volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo, kifaa cha kushusha volti, huku pampu ikipata umeme mkubwa wa 120. Uingereza na kwingineko Ulaya, vali nyingi zinaendeshwa kwa volti 230 zilezile za soketi. Michoro ya mifumo hii miwili inafanana kwa macho, lakini kosa la waya kwenye mmoja linachoma fyuzi, na kwenye mwingine linaweza kuua mtu. Ukisoma maelekezo yoyote, haya yangu yakiwemo, jiulize kwanza yanazungumzia volti ngapi. Sehemu nyingi sheria hairuhusu kazi ya umeme mkubwa au ya boila ya gesi kufanywa na mtu asiye na leseni, na hapo suala la kuchagua linabaki kuwa la kujua umwagize nini fundi.

Vali ya umeme

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi kwenye nyumba zenye pampu moja. Vali inakaa kwenye bomba la ukanda mpya ikiwa imefungwa kwa springi. Thamostati ikiomba joto, mota ndogo inaisukuma hadi ifunguke, na ikifika mwisho wa mwendo wake inabonyeza swichi ndogo iliyo ndani ya kichwa cha vali. Swichi hiyo ndiyo inayoiita boila. Mpangilio huu una busara: boila haiwezi kuwaka kabla njia ya maji haijafunguka.

Chukua mfano wa vali inayojulikana sana, Honeywell V8043E ya volti 24. Inatoka na nyaya nne. Mbili za njano ni za mota, mbili nyekundu ni za swichi. Mguu mmoja wa transfoma unaenda kwenye thamostati, unatoka hapo hadi kwenye waya mmoja wa njano. Waya wa pili wa njano unarudi kwenye mguu mwingine wa transfoma. Sakiti ya kwanza imekamilika. Nyaya mbili nyekundu zinaungwa sambamba na nyekundu za vali nyingine, kisha zote pamoja zinaenda kwenye teminali (sehemu za kuunganishia nyaya) mbili za boila zilizoandikwa T na T. Vali yoyote ikifunguka, boila inaitwa. Zikifungwa zote, inalala. Huhitaji kuigusa pampu, kwa sababu boila ikiitwa yenyewe inaiwasha.

Sasa hapo kwenye T na T pana mtego unaostahili kukaliwa. Boila nyingi zina transfoma yao ya ndani, kwa hiyo ukiweka mita kwenye teminali hizo zikiwa wazi unaweza kusoma volti 24. Mtu akiona hivyo hudhani ndipo pa kuchukulia umeme wa vali, au anapeleka umeme wa transfoma yake hapo akidhani boila inausubiri. Yote mawili ni makosa. Boila inasubiri mguso mkavu, yaani swichi isiyoleta umeme wowote kutoka nje, kazi yake ikiwa kuziunganisha tu teminali hizo mbili. Ukikutanisha transfoma mbili kwenye waya mmoja, unaweza kuunguza moja au zote, na kwa boila ya kisasa unaweza kuharibu bodi nzima.

Ndiyo maana idadi ya nyaya kwenye vali si jambo dogo. Vali za zamani za Taco za mfululizo wa 570 zina teminali tatu badala ya nyaya nne: mota na swichi vinatumia teminali moja kwa pamoja. Swichi ya namna hiyo haijatengwa na umeme wa mota, kwa hiyo huwezi kuipeleka kwenye T na T za boila inayotoa umeme wake bila rilei ya kutenganisha katikati. Vali hizo pia hazina mota ya kuzunguka. Zina kipande kinachopashwa moto kikavimba na kusukuma, na huchukua muda mrefu zaidi kufunguka, wakati vali ya mota huhitaji kama sekunde 15. Anayezipima kwa mara ya kwanza huona vali haijajibu na kuanza kufungua waya ambao hauna tatizo. Subiri dakika kadhaa kabla ya kuihukumu.

Halafu kuna hesabu ya transfoma. V8043 inavuta ampia 0.32 kwa volti 24, yaani kama volti-ampia 7.7, kipimo cha mzigo wa transfoma. Transfoma ya kawaida ya volti-ampia 40 inazimudu tano kwa shida, nne kwa raha. Ile ya kipande cha kupashwa inavuta karibu ampia 0.9, takriban mara tatu ya hiyo, kwa hiyo transfoma ileile haitaibeba idadi hiyo. Ongeza thamostati ya kisasa yenye Wi-Fi inayokula umeme kutoka hapohapo, na utaelewa kwa nini mfumo uliofanya kazi miaka mingi unaanza kusuasua mara tu ukanda mpya unapofungwa. Soma vibandiko, jumlisha, na usifike ukingoni.

Kwa vali za volti 230 mpangilio wa fikra ni uleule, rangi ndizo tofauti. Honeywell V4043H, inayoonekana sana Uingereza, ina nyaya tano: bluu ya nyutro, kahawia ya laivu (waya unaoleta umeme) ya mota, kijani na njano ya ethi, halafu kijivu na chungwa za swichi. Thamostati inapeleka laivu kwenye kahawia. Kijivu kina laivu ya kudumu, na vali ikifunguka laivu hiyo inapita kwenye chungwa hadi kwenye boila. Angalia neno kudumu. Hata thamostati ikiwa imezimwa na vali imelala, kijivu kina volti 230. Anayezima thamostati kisha akaingiza vidole kwenye kisanduku cha nyaya anajihatarisha kabisa. Umeme unakatwa kwenye breka, basi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nyumba nzima inategemea pampu moja. Ikifa usiku wa baridi kali, kanda zote zinapoa pamoja. Na pampu ya kasi moja iliyopimwa kwa kanda nne, ikibaki na ukanda mmoja mdogo uliofunguka, inayasukuma maji kwa nguvu mno na unasikia mabomba yakivuma. Dawa ni pampu ya kisasa inayojirekebisha shinikizo lenyewe, au vali ya kupitisha maji ya ziada pembeni. Kwa upande wa faida, vali ikigoma nyingi zina kijiti cha kuifungulia kwa mkono, na unapata joto huku ukisubiri kichwa kipya.

Pampu ya pili na rilei

Hapa kila ukanda una pampu yake. Pampu inahitaji umeme mkubwa, thamostati inatoa mdogo, kwa hiyo katikati panakaa rilei: kisanduku chenye transfoma ndogo na koili. Thamostati inaiamsha koili, koili inafunga mguso unaopeleka umeme kwenye pampu, na mguso wa pili uliotengwa unaiita boila kupitia T na T. Mguso huo wa pili ndio jibu la swali letu. Rilei isiyo nao itazungusha maji baridi chumba kizima na boila haitajua kitu.

Kosa kubwa la njia hii halitokani na waya uliofungwa vibaya, linatokana na waya wa zamani ulioachwa mahali pake. Kwenye boila nyingi za pampu moja, pampu ya kwanza imefungwa kwenye boila yenyewe, kwenye teminali za C1 na C2, na huwaka kila T na T zinapoungana. Sasa unaongeza pampu ya pili na rilei yake, unaupeleka mguso wake kwenye T na T kama mchoro unavyosema. Ukanda mpya ukiomba joto, boila inaitwa, na boila kwa utiifu inaiwasha pia pampu ya kwanza. Kanda zote mbili zinapata joto, iliyoomba na isiyoomba. Mwenye nyumba analalamika kwamba ghorofa ya chini inaungua, fundi anabadilisha thamostati, na hakuna kinachobadilika. Suluhisho ni kuiondoa pampu ya kwanza kwenye C1 na C2 na kuipa rilei yake, ili boila ibaki na kazi moja ya kuchemsha maji. Ukipiga hesabu ya rilei mbili, visanduku viwili na nyaya zake, paneli inaanza kuonekana ya maana.

Boila za zamani zinazochemsha pia maji ya kuogea ndani yake zina njia nyingine. Kidhibiti kama Honeywell L8124 kina teminali za ZC na ZR zilizowekwa kwa ajili ya kanda za ziada. ZC inapata umeme pale tu maji ya boila yanapokuwa juu ya kiwango cha chini kilichowekwa, kwa hiyo pampu ya ukanda mpya haiwezi kuinyang'anya boila joto la maji ya kuogea. ZR inapeleka wito kwenye kichomeo. Humo pampu ya kwanza haiguswi. Lakini zote mbili ni za umeme mkubwa, si volti 24, na anayezichanganya na T na T anaharibu kidhibiti.

Kwa nini basi mtu achague pampu? Kwanza, usalama wa baridi: pampu moja ikifa, ukanda mmoja unapoa na nyumba iliyobaki inaendelea. Pili, umbali. Ukanda wenye bomba refu au upinzani mkubwa unapata pampu inayoutosha, wala haubebwi na pampu iliyochaguliwa kwa wengine. Tatu, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote, sakafu ya joto. Redieta za ukutani hufanya kazi na maji ya nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi. Sakafu inataka kama 35 hadi 45. Ukanda mpya ukiwa wa sakafu kwenye nyumba ya redieta, unahitaji vali ya kuchanganya maji na pampu yake baada ya vali hiyo. Vali ya ukanda peke yake haitoshi, kwa sababu itapitisha maji ya nyuzi 75 kwenye sakafu iliyotengenezwa kwa 40. Hapo hakuna cha kulinganisha, pampu ndiyo njia, na pamoja nayo swichi ya usalama inayokata pampu endapo maji yatapanda kupita kiasi.

Gharama yake ya umeme iko wazi. Pampu ya kasi moja ya mtindo wa zamani inakula wati 60 hadi 90 kila inapozunguka; za kisasa zenye mota ya sumaku za ukubwa wa nyumbani zinaweza kushuka hadi wati 5 na zikafika kama 45. Pampu nne za zamani kwa miezi ya baridi si mchezo, wakati vali nne zinakula kama wati 30 zikiwa zote wazi. Pia kila bomba la pampu linahitaji vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu pampu iliyozimwa haizibi njia. Bila hiyo, pampu ya jirani inayavuta maji kinyumenyume kwenye ukanda uliolala, na chumba kinapashwa joto na mtu hajui linatoka wapi. Pampu nyingi siku hizi huja na vali hiyo ndani. Thibitisha kwenye sanduku.

Paneli

Paneli haichukui nafasi ya vali wala pampu. Inachukua nafasi ya fundo la nyaya. Ni kisanduku kimoja chenye transfoma, fyuzi, na safu ya teminali: thamostati upande huu, vali au pampu upande ule, na teminali mbili za kutoka zinazoenda kwenye T na T. Ipo ya vali na ipo ya pampu, usizikosee, kwa sababu ya vali inatoa volti 24 na ya pampu inatoa umeme mkubwa.

Linganisha kwa macho. Bila paneli, kanda nne za vali za nyaya nne zina ncha kumi na sita za vali pekee, mbali na za thamostati na transfoma, zote zimesokotwa chini ya kofia za waya kwenye kisanduku au, mara nyingi zaidi, zinaning'inia hewani juu ya mabomba ya moto. Kila kofia ni mahali pa kulegea. Likitokea tatizo baada ya miaka mitano, anayekuja anaanza kuzifungua moja moja akiwa na tochi mdomoni. Kwenye paneli, kila ukanda una mstari wake na taa yake. Taa ya ukanda wa tatu imewaka na chumba ni baridi: thamostati imeomba, tatizo liko kwenye vali au maji. Taa haijawaka: tatizo liko kwenye thamostati au waya wake. Umeligawa tatizo mara mbili bila kushika bisibisi.

Kuna mambo mengine ambayo kwa nyaya za kusokota huyapati kirahisi. Paneli nyingi zina kipaumbele cha maji ya kuogea: tangi likiomba, kanda za joto zinasimama hadi lishibe. Nyingi zina teminali ya C kwa kila thamostati, ambayo thamostati za kisasa huihitaji ili zipate umeme wa kudumu. Thamostati ya namna hiyo ikikosa C huiba umeme kidogo kupitia koili ya rilei au mota ya vali, na kwa vifaa vyepesi wizi huo unatosha kuifanya rilei itetemeke ikilialia. Baadhi huziamsha pampu kwa muda mfupi kila baada ya siku kadhaa za kiangazi ili zisigande.

Maoni yangu ni haya: kanda mbili za vali, usijisumbue na paneli, ila ziweke kwenye kisanduku chenye kizuizi cha teminali na uandike kila waya. Ukifika kanda tatu, au ukiwa na tangi la maji ya kuogea linalochemshwa na boila hiyohiyo, nunua paneli, na nunua yenye nafasi zaidi ya unayohitaji leo. Kwa pampu, paneli inafaa tangu ukanda wa pili, kwa sababu ile ya C1 na C2. Kikwazo chake ni kwamba kila thamostati lazima waya wake ufike kwenye kisanduku hicho, na kwenye nyumba iliyokwisha jengwa kuvuta waya kupita kuta ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Hapo thamostati isiyo na waya inasaidia: mpokeaji wake anafungwa kando ya boila na kuingia kwenye teminali za thamostati kama thamostati ya kawaida. Betri zake zikiisha katikati ya msimu ukanda unaweza kubaki bila wito, kwa hiyo kwa chumba chenye bomba linaloweza kuganda napendelea waya.

Unapovuta waya, vuta wenye nyuzi tano hata kama leo unahitaji mbili. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko kazi ya kurudia. Na usiuchanganye na nyaya za umeme mkubwa kwenye mfereji mmoja wala kisanduku kimoja. Kanuni za umeme za nchi nyingi zinakataza, na kwa haki, kwa sababu ganda la waya wa thamostati halikutengenezwa kuhimili volti 230.

Je, unahitaji ukanda kweli?

Hili ningelitaka lizungumzwe zaidi, kwa sababu hakuna mpangilio wa waya unaolitibu. Lita moja ya maji kwa dakika ikipoa kwa nyuzi 10 inaacha karibu kilowati 0.7 chumbani. Bafu dogo lenye redieta ya kilowati moja linahitaji lita moja na nusu hivi kwa dakika. Boila ya kilowati 24 ikiitwa na ukanda huo peke yake, hata kama inaweza kujipunguza hadi tano, inatoa mara tano ya kinachohitajika. Maji yanapanda haraka, boila inajizima, yanapoa, inawaka tena, na mchezo huo unarudiwa siku nzima. Unachakaza kiwashio na unapoteza mafuta.

Kwa chumba kidogo namna hiyo, vali ya thamostati inayofungwa kwenye redieta yenyewe ni bora kuliko ukanda. Haina waya. Ndani yake mna kidonge cha nta au kimiminika kinachovimba kwa joto la chumba na kubana njia ya maji. Jibu la swali letu hapa ni kwamba haimwiti mtu yeyote: inazuia tu, na boila inaendelea kuitwa na thamostati ya ukanda mkubwa. Kwa hiyo haiwezi kukipa chumba joto wakati nyumba iliyobaki imetosheka, na huo ndio mpaka wake. Iangalie pia kwenye redieta zilizofungwa mfululizo kwenye bomba moja, kwani ukibana ya kwanza umezinyima zote zinazofuata, isipokuwa kama kila moja ina njia ya pembeni. Usiweke pia kwenye kila redieta ya nyumba ukaiacha pampu haina pa kusukumia. Moja ibaki wazi.

Ukanda wa haki ni ule wenye ukubwa wa kutosha au ratiba tofauti kweli: ghorofa nzima, chumba cha kazi kinachotumika mchana tu, upande wa nyumba wenye jua. Kumbuka pia kwamba bomba lina kikomo. Bomba la shaba la robo tatu inchi linabeba kwa utulivu kama lita 15 kwa dakika, ambayo kwa maji yanayopoa nyuzi 11 ni kilowati 11 au 12. Ukanda mpya ukichomekwa kwenye bomba kama hilo ambalo tayari limejaa, hakuna thamostati itakayoongeza maji yasiyokuwepo.

Kuupima

Njia yoyote utakayochagua, mpangilio wa kupima ni mmoja. Shusha thamostati zote, washa umeme, na uhakikishe boila imetulia. Ikiwaka hapo, kuna nyaya mbili zinagusana kwenye T na T, au swichi ya vali imekwama ikiwa imeunganisha nyaya zake. Kisha pandisha thamostati ya ukanda mpya peke yake. Kwenye mota ya vali usome volti 24, au 230 kwa mfumo wa aina hiyo. Kwenye nyaya mbili za swichi, kabla vali haijafunguka, mita itaonyesha volti zinazotoka kwenye boila. Ikishafunguka itashuka hadi sifuri, kwa sababu mguso uliofungwa hauna tofauti ya volti kati ya ncha zake. Wengi wakiona sifuri hudhani swichi imekufa, kumbe ndiyo inayofanya kazi. Ikibaki 24 na vali imefunguka kabisa, hapo swichi ndiyo mbovu.

Rudia kwa kila ukanda wa zamani ukiwa peke yake, kisha kwa jozi. Shika mabomba ya kanda ambazo hazikuomba; yabaki baridi. Mwisho shusha thamostati ya ukanda mpya, acha ukanda mwingine ukiomba joto, na usubiri nusu saa. Bomba la ukanda mpya likiendelea kupata moto wakati ukanda mwingine unafanya kazi, waya hauna hatia: ama vali haikai sawa kwenye kiti chake, mara nyingi kwa uchafu wa kuchomelea ulioingia bombani, ama vali ya kuzuia maji kurudi haipo au imefungwa kinyume. Tafuta mshale uliochorwa kwenye mwili wake kabla ya kukata bomba.